Permi ya Mgeni

Bujumbura, tarehe 14 Oktoba 1962

Mama Consolate, mke wangu,

Jambo mingi. Tumbo linaendelea namna gani, na miguu imeacha kuvimba? Consolate anasoma? Mkono wa kushoto wa Mama yetu mzee umeanza kusogea hata kidogo tangu alipoanguka? Minye niko mzima, ila kikohozi cha vumbi la pamba.

Ninakuandikia juu ya permi yangu ya kuendesha gari. Wiki iliyopita polisi walinisimamisha kwenye barabara ya Gihanga, kamio ya patroni, lori la tajiri wangu, imejaa pamba. Nikawapa permi kama siku zote. Mkubwa wao akaigeuza mara mbili.

"Hii ni ya wapi?"

"Ya Uvira, bwana. Barabara hii naipita mwaka wa pili sasa."

Hakukasirika. Akaniambia polepole, kama muntu anayemfundisha mtoto: "Zamani Mbelgiji alikuwa mmoja, huku na kule. Sasa kuna Burundi, kuna Congo. Weye ni mgeni."

Nilikwenda kwenye biro yao. Mgeni anayekaa hapa anaruhusiwa kuendesha na permi ya kwao mpaka mwisho wa mwaka. Baadaye lazima aigeuze ikuwe ya Burundi. Ili kuigeuza wanataka barua ya biro iliyoitoa, iseme kwamba permi ni ya kweli na jina langu liko kwenye buku. Muntu wa asiransi, wale wa bima ya gari, naye amemwambia patroni: bila permi ya hapa, jambo likitokea, kampuni yao haimjui dereva huyu.

Ningekuja mwenyewe, lakini karatasi yangu ya kitambulisho imebaki kwa biro ya wageni pamoja na ombi langu. Bila hiyo siwezi kuvuka mpaka na kurudi. Basi nakuomba uende kule territoire, biro ya serikali, Uvira. Numero ya permi nimeiandika nyuma ya barua hii. Nilipimwa mwezi wa Juni 1960, waambie hivyo.

Milima ya kwetu naiona kila asubuhi ninapowasha gari. Iko karibu sana. Hiyo ndiyo inanichosha.

Barua nimempa mdogo wako Bernardine, amemaliza kuuza samaki wake wa mikeke sokoni na anarudi leo.

Mume wako,
Baba Consolate


Kalundu, tarehe 11 Novemba 1962

Baba Consolate,

Jambo. Tumepokea salamu zako na sabuni. Tumbo iko vizuri, mtoto anapiga teke kama anadai njia. Mama mkono wake bado, lakini anakula mwenyewe kwa ule wa kuume, na matusi yake yamerudi, kwa hiyo tunajua anapona.

Nilikwenda Uvira mara mbili. Mara ya kwanza karani alikuwa kwenye matanga. Mara ya pili nilimpata, kijana mupole, miwani yake imefungwa na uzi. Akasema vitabu vya wakati wa Wabelgiji vimerundikwa kwenye chumba cha nyuma na mchwa wanavisoma kabla yake. Nirudi nikishazaa.

Jioni Consolate anasimama pwani kwa boti za mizigo, anawauliza wapagazi kama wewe uko ndani. Wamemzoea. Mmoja anamjibu kila siku: "Kesho, mama."

Kula vizuri.

Mke wako,
Mama Consolate


Bujumbura, tarehe 20 Januari 1963

Mama wa watoto wangu,

Bernardine ameniambia. Binti! Louise, jina la marehemu shangazi, umechagua vema. Nilinunua bia moja nikainywa peke yangu kwenye ngazi za depo, halafu nikamwambia mlinzi, na yeye hakusikia vizuri Kiswahili changu, akanipa pole. Anafanana na nani? Umepata nguvu? Damu imekatika?

Mwaka umekwisha na barua ya Uvira sina. Patroni bado ananipa kamio. Anasema, "Endesha taratibu, karatasi inakuja." Ninapita njia za mashambani ambako polisi ni wachache. Ninaendesha kama mwizi gari ambalo sikuliiba.

Niambie tu: karatasi inakuja? Kama haiji, nitashuka kwenye gari nitafute kazi ya kubeba magunia.

Mume wako,
Baba Consolate


Kalundu, tarehe 17 Machi 1963

Baba Consolate,

Jambo, na afya. Sisi wote wazima. Louise anafanana na weye hata kwa kukunja uso. Ananyonya sana, ananimaliza.

Karatasi inakuja. Usiwe na wasiwasi, endelea na kazi yako.

Mama anakusalimia.

Mke wako


Gihanga, tarehe 2 Septemba 1963

Mama Consolate,

Jambo. Natumaini barua hii inawakuta wazima. Utaona nimeandika Gihanga, si Bujumbura.

Tarehe 6 mwezi wa nane nimegonga muntu. Mzee mmoja, Nkeshimana, alikuwa anasukuma kinga yake, baiskeli iliyobeba mikungu mitatu ya ndizi. Kona ilikuwa na vumbi la gari lililotangulia. Nilipomwona nilikuwa nimekwisha kumfikia. Hakufa. Mguu umevunjika mahali pawili. Watu waliokuwa shambani walinipigia kelele nikimbie, walidhani nitauawa. Sikukimbia. Nilimbeba, nikamlaza juu ya pamba, nikampeleka kwenye hospitali ya Masista.

Muntu wa asiransi alikuja na begi yake. Akauliza permi. Akaiangalia, akafunga begi. "Dereva huyu ni mgeni, na permi yake hapa imekwisha kufa tangu mwaka jana. Kwetu ni kama gari lilijiendesha." Patroni akasema hakujua. Alijua, Mama Consolate. Nililala kasho ya polisi wiki mbili.

Kisha wazee wa kijiji, wale wanaoitwa bashingantahe, wakaketi. Nkeshimana aliletwa juu ya machela. Wakamwuliza anataka nini kwangu. Akasema: "Shamba langu halina mkono. Wanangu wote ni wasichana, wameolewa mbali. Alime yeye mpaka nisimame." Basi ninalima. Ninalala kwenye kibanda cha mbuzi wake. Chakula tunakula sahani moja, maneno yetu ni machache kwa sababu Kirundi changu kinachechemea kama yeye.

Ninakuuliza swali moja tu. Karatasi ya Uvira ilikuwa wapi?

Baba Consolate


Kalundu, tarehe 13 Oktoba 1963

Baba Consolate,

Jambo ninakupa kwa aibu.

Karatasi niliipata mwezi wa pili, Louise akiwa mgongoni. Karani alifungua buku mbele yangu. "Mama, ona. Mstari wa mwisho ni Mei 1960. Bwana yako alipimwa Juni. Yule Mzungu aliyempima aliondoka Julai, na hakuandika tena mtu."

Nikamwambia, "Basi weye andika kwamba ni ya kweli. Mume wangu si mwongo."

"Simwiti mwongo. Lakini siwezi kuandika kitu nisichokiona."

Akaandika alichokiona: jina hili halionekani kwenye buku. Akapiga muhuri. Kwenye shule ya Masista nilifika mwaka wa tatu, maneno yale niliyaelewa. Nikaona wakikushusha kwenye gari, wakikufunga juu ya permi ya uongo. Nikaona nyumba bila sabuni, bila dawa ya Mama. Nikaiweka chini ya godoro. Nikakuandikia kwamba inakuja.

Ungejua ukweli ungeshuka kwenye gari. Ulisema hivyo mwenyewe. Mguu wa yule mzee ni minye niliuvunja.

Louise amesimama jana, akishika mguu wa kitanda cha Mama.

Nijibu hata kwa hasira.

Mama Consolate


Gihanga, tarehe 24 Mei 1964

Mke wangu Apolline,

Miezi saba sikukuandikia. Kalamu nilikuwa nayo. Bernardine alikuja mara tatu na mara tatu nilimwambia, "Waambie niko mzima," kisha nikarudi shambani. Nilitaka uonje kukaa bila jibu. Nililima na hasira yangu, mstari baada ya mstari, na kila jioni ilikuwa ingali nzima.

Sasa tunasikia bunduki ng'ambo ya mto Ruzizi. Wanasema waasi wameingia Uvira, na mpaka umefungwa. Bernardine hajaonekana sokoni tangu Pasaka. Nimeuliza kila mama mwenye beseni la samaki.

Nkeshimana ameanza kutembea na fimbo. Siku alipofika mwisho wa shamba na kurudi, aliniambia, "Umemaliza. Nenda." Nikakaa. Niende wapi?

Apolline, ulificha karatasi kwa kuogopa. Minye nilinyamaza kwa kutaka kuumiza. Langu ni baya zaidi. Barua hii nimempa padri, anasema anajua njia ya kuipitisha. Andika neno moja tu, jina lako linatosha.

Mume wako,
Norbert


Bujumbura, tarehe 7 Februari 1965

Apolline,

Sijui kama barua ya mwezi wa tano ilifika. Wanasema jeshi lilirudi Uvira tangu mwezi wa kumi, lakini wanaovuka ni wachache, na hakuna anayetoka Kalundu.

Nimepata permi ya Burundi. Nkeshimana alikuja mwenyewe hadi kwenye biro, na fimbo yake, akamwambia mkubwa: "Huyu alinigonga. Mpimeni tena, ninamdhamini." Mkubwa alicheka mpaka akavua kofia. Walinipima siku mbili. Ile ya Uvira wameichukua, wameitoboa tundu katikati. Sasa ninaendesha kamio ya mfanyabiashara wa kahawa, na jina langu liko kwenye karatasi ya asiransi, limeandikwa kwa mashine.

Nilitamani kumwonyesha mtu. Nilimwonyesha mpishi wa chai.

Mume wako,
Norbert


Kalundu, tarehe 9 Mei 1965

Baba Consolate,

Jambo. Tuko hai: minye, Consolate, Mama, Bernardine. Barua zako mbili nimezipokea siku moja, kwa mkono wa padri. Nimezisoma nikiwa nimesimama.

Sasa keti.

Ndege zilipoanza kupita juu ya mji, batu walikimbilia mlimani. Mama alikataa kubebwa, akasema amekwisha kuwa mzee wa kutosha. Bernardine alibaki naye. Minye nilipanda na watoto siku nne, mpaka upande wa Mulenge. Mwanamke mmoja mwenye ng'ombe, Nyiramahoro, alitupokea. Hakutujua. Alitupa maziwa na pembe ya nyumba yake tukakaa miezi sita.

Mwezi wa nane surua iliingia. Consolate aliumwa akapona. Louise hakupona. Ilikuwa siku tano tu. Alikuwa amejifunza kusema maneno, Norbert. Alisema "maziwa", alisema "Yaya" akimwita dada yake, na "baba" alisema pia, lakini alimwambia ng'ombe mmoja mweupe, sijui nani alimfundisha.

Nyiramahoro alinisaidia kuchimba, Consolate bado akiwa kitandani, na baadaye sikuwa na moyo wa kumpeleka. Ni kwenye mteremko, chini ya jiwe lililopasuka, hakuna msalaba. Nyiramahoro naye alihama na ng'ombe wake kabla hatujashuka, na sijasikia alipo. Kwa hiyo mahali pale ninapajua minye peke yangu. Hilo linaniamsha. Nikifa leo, hakuna muntu duniani atakayejua mtoto wetu yuko wapi.

Sikukuandikia mapema kwa sababu mara ya mwisho nilipokuandikia ukweli, ulinyamaza.

Kazi yako ni nzuri, na permi. Sikuombi uiache.

Apolline


Bujumbura, tarehe 16 Mei 1965

Mke wangu,

Jambo kwako, kwa Consolate, kwa Mama, kwa Bernardine. Mwili wangu uko mzima.

Barua yako niliisoma kwenye gari, injini ikinguruma, mpaka waliokuwa nyuma yangu wakaanza kupiga honi. Nilishuka, nikampa mwenzangu funguo.

Ijumaa nilikwenda kwa muntu wa asiransi. Nikamwuliza kama ninaweza kufanya kazi Uvira na permi hii. Akasema asiransi inaishia kwenye daraja la mpaka, na permi yangu kule ni ya mgeni: lazima niombe kwenye biro ya Uvira, wapime, waandike. Ile ya zamani haipo tena. "Kwenu utaanza kwa miguu," akasema. Nikamshukuru, nikaondoka. Patroni mpya nimemwambia naacha kazi. Nkeshimana nilimuaga jana. Alinipa mkungu wa ndizi.

Nitavuka Jumamosi. Kalundu kuna mizigo ya kubeba, nina mabega. Mengine tutayaona.

Jumatatu, kama miguu yako inakubali, tupande. Siku nne si nyingi. Utatangulia, minye nitafuata nyuma, na ukipotea njia tutakaa chini mpaka uikumbuke. Tutachukua msalaba wa mti, na Consolate aje pia. Ni mkubwa sasa. Apajue.

Mume wako,
Baba wa Consolate na wa Louise