Jina la Babu Mlilolikata

Sanduku la Posta 317,
Garissa.
9 Mei 1998

Mpendwa Kadar,

Assalamu alaykum. Natumai baridi ya Toronto imelegea na kile kikohozi kimekuacha. Mimi nasumbuliwa na magoti tu. Mafuriko yalitukatia barabara kwa miezi, kisha ugonjwa ukamaliza mbuzi wa ndugu yako Abdimalik, wakabaki saba. Alhamdulillahi, watu wa nyumbani ni wazima.

Naandika kwa Kiswahili, si kwa Kisomali, ili wale wenzako wawili wa Mombasa wasome pia. Maneno haya ni ya kikundi chenu kizima cha Pazia Wazi.

Mimi ndiye niliyekuomba msaada mwaka jana. Nilikueleza kwamba mahindi ya wakimbizi wa kambi ya Dagahaley yanauzwa sokoni kwa magunia, na anayeuliza huambiwa orodha ya wenye kadi za mgao ni siri. Mkaingia kwenye kompyuta ya ofisi ya mgao bila kubisha hodi, mkaitoa orodha, mkaiweka kwenye intaneti dunia nzima ione. Nilifurahi mno. Tangu nilipotoka Buna kwa miguu mwaka wa sitini na sita, nikiacha kila kitu, sikuwahi kuona mkubwa akiulizwa swali akatokwa jasho.

Mwezi uliopita nikapata nakala iliyochapishwa, nikakaa nayo asubuhi nzima.

Kadar, mlilikata jina la tatu. Orodha ya ofisi ilikuwa na jina la mtu, la baba na la babu. Ninyi mkabakiza mawili, mkahesabu yanayofanana, mkayaita majina hewa. Wenzako siwalaumu, hawajui mila yetu ya majina. Lakini wewe? Nilikufundisha kutaja mababu kumi na wawili kabla hujajua kufunga viatu. Kina Faduma Bare kwetu ni wengi. Babu ndiye anayewatenganisha.

Shangazi yako Faduma ni mmoja wao. Alipofika kwenye dirisha la mgao kambini na gunia lake tupu, karani alitazama orodha yenu, akamwambia, "Mama, wewe uko hapa mara thelathini na nne."

"Basi, mwanangu, nipe chakula cha wote thelathini na nne."

Foleni nzima ilicheka. Karani naye alicheka, kisha akaichukua kadi yake, asiirudishe.

Migao miwili imepita. Yeye na wajukuu wanne wanakula kwa jirani yake Istahil, ambaye naye ana watoto wake. Nimemsihi aje Garissa, amekataa: wakihesabu watu naye hayupo, hataandikishwa tena. Na wauza mahindi? Wanatembea na orodha yenu mfukoni. Ukiwauliza wanakuonyesha: "Wezi ni hawa, mzee. Hata vijana wenu wa Kanada wamesema."

Nilipiga simu huko kwako, akapokea mwenzako mmoja wa Mombasa. Akaniambia kwa adabu kwamba mkikiri kosa, hakuna atakayewaamini tena. Hilo limeniudhi kuliko yote. Ofisi ilituambia hivyohivyo ilipokuwa ikiificha orodha.

Rudisheni jina la tatu. Andikeni palepale, wazi, kwamba mlikosea, kisha unitumie karatasi hiyo kwa faksi ya posta. Mgao ujao ni tarehe ishirini na sita. Siku hiyo, magoti yakitaka yasitake, nitasimama dirishani na shangazi yako. Nikiwa na karatasi, nitamwonyesha karani. Nisipokuwa nayo, nitamwambia kwa mdomo wangu kwamba aliyemfuta mama huyu ni mtoto wa kaka yake.

Msalimie mkeo Samsam, na umbusu Weris mdogo kwa niaba yangu. Sirad na Abdimalik wanakusalimu. Faduma pia anakusalimu. Hajui bado ni nani aliyelikata jina la babu, na mimi sijamwambia.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi ugenini, na akupe moyo wa kusema "nilikosea" ungali kijana. Uzeeni ni kazi ngumu zaidi. Mimi mwenyewe nimechelewa kusema kwamba nilikuharakisha kuitoa orodha.

Adeer yako, yaani ami yako, akupendaye hata kwa hasira,

Mohamednoor