Stout ya Moto ama Baridi, Sir?

Alhamisi, Agosti. Joto limeamka kabla yangu.

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba tangu leo saa tisa alasiri, mimi Moraa, binti wa shemasi wa Kisabato kutoka Keroka, ni mtaalamu wa bia nyeusi ya Kiayalandi.

Sijawahi kuionja. Hilo tuliweke kando kwanza.

Nianze na mlango. Mimi ni askari wa mlangoni. Baa yetu iko ndani ya hoteli moja hapa Oud Metha, Dubai, lakini mlango wake unaangalia barabara, nami nasimama upande wa barabara. Ndani kuna AC. Nje kuna mimi. Mlango ukifunguliwa napata ubaridi wa sekunde nne hivi, kwa hiyo nimekuwa mkarimu kupita kiasi. Naushikilia mlango, namuuliza mgeni safari ilikuwaje, watoto hawajambo, na goti lile je? Wageni wanaandika mtandaoni kwamba yule askari ana utu.

Sina utu. Nina jasho.

Basi wiki mbili zilizopita meneja, Muayalandi mrefu ambaye sote tunamwita Sir, alibandika tangazo. Anatafuta mhudumu mmoja wa ndani. Anayetaka nafasi afanye mtihani wa stout, yaani hiyo bia nyeusi: aina zake, ladha zake, na namna ya kuimimina. Atakayefeli atabaki alipo.

Nilipo mimi ni nje.

Nikachukua karatasi ya kusomea. Nilikuwa naisomea kwenye basi la wafanyakazi, kutoka nyumba zetu za Dubai Investments Park hadi kazini, kiti cha mbele kando ya dereva. Dereva ni Ami Seif, Mzanzibari aliyezaliwa hapa hapa Dubai, mtu wa swala tano. Nilidhani atanihamisha kiti. Siku ya kwanza, tulipofika taa ya tatu ya barabarani, akanigeukia.

"Soma kwa sauti, mwanangu," akasema. "Unanung'unika kama nyuki, nashindwa kuendesha."

Nikasoma. Kuna stout kavu, isiyo na utamu. Weusi wake unatokana na shayiri iliyokaangwa mpaka karibu iungue. Kuna ya oti, ambayo ni laini mdomoni. Ya maziwa inatiwa sukari ya maziwa, ile isiyogeuka kuwa pombe, kwa hiyo utamu unabaki. Kuna ya chaza: zamani watu waliinywa huku wakila chaza, halafu akatokea mmoja akaona awatie chaza wenyewe ndani ya pipa. Na kuna ya safari, iliyopikwa kali na chungu makusudi ivumilie meli na nchi za joto.

Ami Seif akapiga usukani. "Chaza kwenye pombe! Maskini chaza. Kakosa nini?"

Kufika Jumatatu iliyofuata, yeye ndiye aliyekuwa ananihoji.

"Ya oti na ya maziwa, ipi tamu?"

"Ya oti, Ami."

"La! Bibi wee, utabaki mlangoni. Ya oti laini, ya maziwa tamu. Astaghfirullah, mpaka mimi nishaijua!"

Nakiri kwamba tulikuwa kichekesho. Watu wawili wasiokunywa, asubuhi na mapema, tunagombania utamu wa kitu ambacho hakuna kati yetu atakayekigusa kwa ulimi. Ikabidi tutumie tulivyonavyo. Ile kavu tukaiita kahawa ya Ami, anayoinywa chungu kwenye kikombe kidogo. Ya oti ni uji. Ya maziwa ni chai ya mama yangu. Ya safari ilimfikirisha mpaka tukapita mzunguko mzima.

"Hiyo ndo nyinyi mlokuja juzi," akasema. "Kali, chungu, na haiozi njiani."

Nilinuna kidogo. Kisha nikacheka mpaka Madam wa usafi akaamka kiti cha nyuma.

Lakini kuna jambo moja ambalo halikuwa kwenye karatasi, na hilo sikumwambia hata Ami. Nililiweka akiba. Kwetu Keroka, ukipita mbele ya baa ukielekea kanisani, utamsikia mhudumu akiuliza kabla ya kufungua chupa yoyote: moto ama baridi? Moto si ya kuchemsha. Ni ile ya kwenye rafu, isiyoona friji. Wazee wa kwetu, hasa kwa bia nyeusi, hujibu "moto" kabla swali halijaisha. Sir na karatasi yake hawakugusia. Nikajiambia hapo ndipo nitakapong'aa.

Leo ikawa leo.

Sir ameketi kaunta, mikono kifuani. Nikazitaja zote tano bila kumeza mate. Akauliza ipi ina nguvu zaidi, stout ya bomba, yaani ile kavu inayotoka kwenye mfereji wa kaunta, au bia ya kawaida. Huo ni mtego, kwa sababu kila mtu huiona nyeusi akadhani ni kali. Nikamwambia ile ya bomba ni nyepesi. Weusi si nguvu, ni kuungua tu. Akaandika.

Tukaja kwenye kumimina. Unailaza glasi kidogo, unajaza robo tatu, halafu unaiweka chini na kusubiri itulie kabla ya kumalizia. Hapo ndipo wenzangu wawili walipoangukia jana, kwa sababu walijaza haraka wakapata glasi ya povu. Mimi nilisimama wima dakika mbili, natazama vipovu vinavyoshuka badala ya kupanda, sikupepesa. Kusimama bila kufanya kitu huku niko macho ndiyo kazi yangu kwa miaka mitatu sasa. Sir akasema hajawahi kuona mtu anasubiri vizuri namna hiyo.

Kichwa kikavimba.

"Sasa mimi ni mgeni," akasema. "Nataka stout."

Nikanyoosha mgongo. "Moto ama baridi, sir?"

Sir akaweka kalamu chini.

"Nani anakunywa stout ya moto?"

"Karibu tarafa nzima, sir."

"Na hawafi?"

"Wanazeeka sana, sir."

Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema katika baa yake hakuna atakayekunywa stout ya moto maadamu yeye yu hai, kisha akanipa mkono. Khalas. Nimepita.

Nikamuuliza hizo nne nyingine zinakaa rafu gani, nianze kuzizoea.

"Zipi?"

"Ya oti, ya maziwa, ya chaza, ya safari."

"Hizo hatuuzi. Tuna ya bomba tu. Nilitaka nione nani atajisumbua kusoma."

Wiki mbili. Na maskini chaza.

Nilimweleza Ami Seif kwenye basi la kurudi. Aliumia kuliko mimi. "Hata ya oti hawana?" akauliza, kama mtu aliyenyimwa chakula chake mwenyewe.

Mama nitamwambia nimepanda cheo, sasa nahudumia vinywaji. Chai ni kinywaji. Akiuliza zaidi, mtandao utakatika.

Ila mlango nimeuaga. Jioni hii nimepiga pasi sare mpya, isiyo na kofia wala redio ya begani, na nimejiapiza kwamba sitamuuliza tena mtu yeyote habari ya goti lake. Sasa hivi imeingia ratiba ya Jumapili kwenye simu. Jina langu liko juu kabisa. Nimepewa meza za wavuta sigara.

Ziko nje.