Ndoa ya Wodi Namba Sita

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya posta.
Jumanne, 4 Machi

Mpendwa mdogo wangu Kibiriti,

Hujambo huko uliko? Kile kikohozi kimekuachia? Sisi tu wazima. Wifi yako goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi ni mzima kabisa, nami ndiye shahidi.

Sasa kaa kitako, na usianze kuwaka kabla hujafika mwisho.

Jana ofisi ya msajili wa ndoa walinipigia simu. Shemeji alipopeleka cheti chenu ili apate kibali cha kukufuata huko, karani aliona mahali mlipofungia ndoa: wodi namba sita. Leseni yangu inaniruhusu kufungisha ndoa ndani ya nyumba yetu ya ibada tu. Kwingine kokote lazima niombe ruhusa kwa maandishi kwanza. Sikuomba. Miaka kumi na tisa nawasomea maharusi kanuni mpaka wanapiga miayo, halafu ya dada yangu mwenyewe nikasahau. Kweli mganga hajigangi. Si unajua asubuhi ile ilivyokuwa; daktari alisema mama huenda asifike jioni, nikakwapua daftari na kalamu tukakimbia.

Basi Ijumaa wataamua kama ndoa yenu ipo au haipo. Wakisema haipo, shemeji hapati kibali, na wewe itabidi urudi mfunge upya. Tangu jana sijala kitu.

Nilikwenda mchana uleule. Karani si mtu mbaya. Alinivuta pembeni, akatoa fomu mpya. "Mzee, andika nyumba ya ibada, tafuta mashahidi wengine wawili, hii ya zamani tuichane. Yaishe." Sikufichi, kalamu niliishika. Nilikufikiria ulivyo peke yako huko. Kisha nikaitazama ile ya zamani. Pale pa shahidi wa kwanza pana alama ya dole gumba la mama, imekwenda upande kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka na muuguzi ndiye aliyeushika. Nikamrudishia kalamu yake. Kama nimekukosea kwa hilo, nitukane tu, nimezoea.

Yule muuguzi, shahidi wenu wa pili, nimempata. Siku hizi yuko wodi ya wazazi, lakini ataomba ruhusa kazini aje aeleze alichokiona. Daktari naye ameniandikia barua kuhusu hali ya mama siku ile. Zaidi ya hapo sina kitu mkononi.

Shemeji nimemweleza yote. Akaniuliza kama nimekula. Hapo ndipo aibu iliponishika hasa.

Wifi yako anakusalimu sana, na shangazi pia. Nisalimie yule jirani yako fundi cherehani aliyekupa koti. Mungu akutimizie kila jema tulilokuombea siku ile kitandani pa mama.

Neno la mwisho. Unakumbuka mama aliuliza mara mbili, "Tayari?" Mara ya pili nilimjibu, "Tayari, mama, wameoana," ndipo akafumba macho. Leseni wakiichukua nitazoea. Ninachoogopa ni kuambiwa Ijumaa kwamba nilimdanganya.

Ni mimi kaka yako,
akupendaye hata ukiwaka.