Hatua Mia na Sitini na Moja Hadi Dukani

Umetimia mwaka sasa, Bwana Hatua, tangu mabuti yako ya mpira yakauke nyuma ya mlango. Jumanne ulisema kichwa kinauma, Ijumaa ukatutoka. Tangu hapo nyumba hii haijakaa kitako.

Kulia tulilia, tukamaliza, tukaanza tena. Sasa ni kutotulia. Mkeo bado huamka alfajiri kupasha maji ya mtu asiyekwenda kazini. Binti yako amegeuza kitanda chake mara nne, kila ukuta anaona una kasoro. Na dada yako mkubwa, huyo ndiye hasa tunayetaka kukupa habari zake.

Unamjua. Viti vyake havijawahi kutosha kwa sababu watu wake hawajawahi kwisha. Habari ya mtaa ikizaliwa, yeye ndiye mkunga. Lakini Alhamisi ile hospitalini ulimshika mkono ukasema, "Dada, vile viboksi vyangu kule matopeni, mwambie mtafiti kwamba…" Naye akasema, "Pumzika kwanza, baba. Utaniambia kesho."

Mtu ambaye hajamkatiza mmbea yeyote tangu azaliwe, alikukatiza wewe. Kesho yake hukuwa na neno tena. Mwaka mzima amekuwa akizunguka na sentensi yako iliyokatika, kama mwenye jiwe kiatuni.

Wanaosoma hapa ambao hawakukujua, na wajue. Miaka ishirini na miwili ulikuwa mtu wa vipimo katika hifadhi ya taifa ya pwani. Kila mwaka, likija lile bamvua kubwa, maji yakikupwa mpaka mbali kabisa, uliingia mikokoni na kuhesabu. Viboksi saba, kila kimoja mita moja kwa mita moja: miche imeota mingapi, kaa wametoka wangapi. Basi. Mwaka nenda mwaka rudi, viboksi vilevile. Watafiti walisema hapo ndipo wanapoona msitu unasogea wapi na bahari inapanda kiasi gani, kwa kuwa kila kitu kilihama isipokuwa viboksi vyako.

Dada yako aliwaambia watu kwenye harusi, "Mdogo wangu kaajiriwa kuhesabu kaa asiowala." Nawe ulimjibu mbele ya wageni, "Na wewe dada unahesabu habari za watu. Umeshiba?"

Ulikuwa na ugonjwa wa hatua. Ukitoka getini, midomo inacheza. Yule mama jirani mwenye miguu mibaya ulimsindikiza dukani kila jioni, ukimhesabia. "Leo umefika kwa hatua chache kuliko jana, mama, unapona." Hakuwa anapona, na sote tulijua. Hiyo ndiyo mara pekee uliyochakachua hesabu.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Miezi kadhaa baada ya kukuzika, dhoruba ilipiga pwani na kung'oa vijiti vyako vyote vya alama. Mtafiti mkuu wa hifadhi, yule binti mrefu uliyekuwa ukimsifu kwa kutoogopa tope, alikuja hapa nyumbani mchana, akiwa na daftari lako mkononi. Sebule ilikuwa imejaa kama kawaida. Akakaribishwa, akakataa chai, kosa la kwanza. Akamwuliza dada yako:

"Mama, samahani kuwajia hivi. Hatua ya marehemu ilikuwa na urefu gani?"

Sebule ile ikanyamaza. Ajabu hiyo huwezi kuiamini.

"Hatua?" dada yako akasema. "Mwanangu, watu huuliza marehemu kaacha watoto wangapi."

Mtafiti akafungua daftari, akasoma mwandiko wako: "Kutoka nguzo ya zege, hatua mia mbili na kumi na mbili kuelekea mkoko uliopinda. Hapo ni kiboksi cha kwanza." Na kutoka cha kwanza hadi cha pili, hatua. Hadi cha tatu, hatua. Hukuandika mita hata moja. Ulijua mwenyewe, na ni nani huandika urefu wa mguu wake?

"Si kuna vile vifaa vya satelaiti?" kinyozi akauliza. Alikuwa amepita tu kusalimia, tangu asubuhi.

"Chini ya miti vinakosea mita tano, sita. Kiboksi ni mita moja. Kwenye pembe zake kuna nondo fupi, ila zimezama topeni."

"Basi chukueni watu kumi, papaseni!"

"Kila mguu unaotua pale unaua miche na kuziba matundu. Tukipapasa, tutaharibu kilekile tunachokitafuta."

Mkeo ndiye aliyeuliza, polepole, swali ambalo wote tulilikwepa. "Na bamvua kubwa likipita hamjaviona?"

"Wakubwa wanataka tuchore viboksi vipya," mtafiti akasema. "Vyake faili linafungwa. Miaka ishirini na miwili inaingia kabatini, haiungani na kitu tena. Nikipata hata vinne tu kati ya saba, halifungwi."

Dada yako alikuwa ameshasimama. "Halifungwi," akasema. Akaenda jikoni, akarudi mikono mitupu, akaenda tena. "Alitaka kuniambia. Hilo ndilo alilotaka kuniambia, nami nikamwambia kesho."

"Wifi, kaa," mkeo akamwambia.

"Nitakaa nikiwa nimekufa."

Ndipo kinyozi akajipiga paja. "Jamani! Si tulikuwa tunamuuliza kila siku? Bwana Hatua, leo ngapi? Anajibu, mia na arobaini na tatu, kama jana!"

Kweli. Getini hadi dukani, mia na arobaini na tatu, mtaa mzima waijua kama namba ya simu. Dakika hiyohiyo sebule ilimwagikia barabarani. Fundi wa paa akaleta kamba yake ya kupimia, dada yako akashika ncha moja, akazuia pikipiki mbili na gari la maji. Mita mia moja kamili. Mtafiti akagawanya: sentimita sabini kwa hatua. Watu wakapiga makofi, na kinyozi akatembea siku tatu kama aliyegundua bara jipya.

Maji yalipokupwa, dada yako alikwenda na mtafiti na watu wake. Alivaa mabuti yako, kakunja soksi mbili ndani. Walipima kutoka nguzo ya zege, mia mbili na kumi na mbili mara sentimita sabini, kuelekea mkoko uliopinda. Wakaishia katikati ya mkondo, maji ya kiunoni.

Alirudi hakusalimia mtu. Alifagia ua mara tatu. Akahamisha kabati, akalirudisha. Alianza kufika kwa watu na kuondoka kabla kiti hakijapata joto, na watu wakaanza kusema, maana hata msemaji husemwa: "Huyu naye, mdogo wake kamwachia miguu." Usiku mkeo alimsikia akitembea. Bamvua kubwa lilikuwa limebakiza siku tisa, kisha saba, kisha tano.

Siku ya tano mvua ilinyesha hadi barabara ikawa uji. Binti yako alitumwa chumvi, akarudi anacheka, kicheko cha kwanza tangu uondoke.

"Shangazi, unajua mzee wa duka kanipokeaje? Eti, 'Leo duka limehama, eh?' Kama alivyokuwa akimwambia baba."

Beseni likamtoka dada yako mikononi.

Unakumbuka? Siku za mvua ulifika dukani mabuti yamebeba udongo, ukalalamika, "Mzee, duka lako limehama tena. Mia na sitini na moja." Wote wakacheka. Miaka ishirini tunauchekea mzaha ule, na hukuwa unatania hata kidogo. Ulikuwa unatupa kipimo. Kwenye kavu mtu hutanua mguu. Kwenye tope hufupisha.

Dada yako alikwenda dukani na mvua kichwani. Kinyozi alikuwa amejikinga pale.

"Siku za tope alikuwa anasema ngapi?"

"Mia na sitini," kinyozi akasema.

"Na moja!" mzee wa duka akaja juu. "Na moja! Ananiambia mimi miaka ishirini, wewe ulikuwa unanyoa masikio ya watu."

"Na moja ya nini, mzee, kuniongezea bei?"

"Na moja ya kizingiti! Alihesabu mpaka avuke kizingiti."

Hapo kinyozi akashindwa, maana ni kweli, uliinua mguu wa mwisho kwa madaha ukavuka ndipo ukataja namba. Dada yako akapiga simu palepale. "Mtafiti, nigawie mia kwa mia na sitini na moja."

"Sitini na mbili na kitu, mama. Kwa nini?"

"Ndiyo hatua yake kwenye tope. Zidisha!"

Upande wa pili kalamu ikakwaruza karatasi. "Mita mia na thelathini na mbili kasoro kidogo," mtafiti akasema. "Mama, tulipitiliza karibu mita kumi na saba."

Siku ya bamvua walitandika mbao juu ya tope wasikanyage kitu. Walikwenda watatu: mtafiti, binti yako, na dada yako, aliyelala kifudifudi kwenye ubao na kuzamisha mkono hadi kiwikoni. Alipapasa pale kipimo kilipoishia. Hakuna. Akasogea kidogo. Akasogea tena. Tulimwuliza baadaye alijisikiaje, akasema alijisikia kama anayetafuta pete ya mtu. Kisha vidole vikagonga chuma.

Nusu hatua. Ulikosea nusu hatua, au sisi ndio.

"Sasa," mtafiti akanong'ona, "tusiongee na tusitikisike. Kaa wameingia ndani kwa kutusikia. Tunangoja dakika kumi watoke, ndipo tuhesabu."

"Dakika kumi?" dada yako akasema.

"Kumi, mama."

Binti yako anasema alimtazama shangazi yake akauma mdomo asicheke. Lakini dada yako alikaa. Mkono wa tope, shingo imepinda, nzi puani, alikaa. Dakika ya nne akatoka kaa wa kwanza, mdogo kama kifungo, akapunga gando lake moja kubwa kama anayeita jirani. Akatoka mwingine. Kisha tope zima likaanza kutembea.  Machozi yalimshuka dada yako, nayo hakuyafuta, kwa kuwa kuyafuta ni kutikisika.

Thelathini na saba. Mwaka jana uliandika arobaini na mmoja. Mtafiti alipofungua daftari kuandika, akakuta mstari wa mwaka huu umeshauchora kwa rula, na mwaka umeshauandika, pembeni wazi. Akamkabidhi dada yako kalamu. Mwandiko wake umepinda, utatusamehe.

Walipata vitano kabla maji hayajarudi. Faili halikufungwa. Viwili bado viko topeni, na mtafiti amesema vitafuatwa bamvua lijalo. Basi usidhani dada yako ametulia. Jana alikuwa ameshafika getini na kamba ya fundi, anapima njia ya kwenda kwa yule mama mwenye miguu mibaya. Jioni humsindikiza yeye sasa. "Leo umepunguza, mama," anamwambia. Hiyo kazi ya kuchakachua nayo ameirithi.

Yale uliyotaka kumwambia ameyapata, Bwana Hatua. Yalichelewa mwaka, yakapitia kwa kinyozi na mzee wa duka, kama habari zote za mtaa huu. Ila sasa mtu akianza sentensi mbele yake, hata awe mlevi, anaachwa aimalize.

Unakumbukwa na mkeo, anayepasha maji. Na binti yako, aliyeomba nafasi ya mafunzo hifadhini na bado anangoja jibu, kucha zimekwisha kwa kutafunwa. Na dada yako mkubwa, aliyeosha mabuti yako na kuyarudisha nyuma ya mlango yakiwa bado na maji. Na mtaa wako wote, kuanzia getini hadi kwenye kizingiti cha duka.

Iwe kavu, iwe tope, hatutakusahau kamwe.