Baba Alisahihisha Rangi ya Ng'ombe

Uvira, tarehe 9 Mei 2023

Mpendwa Shangazi Nyiransengimana,

Salamu nyingi kutoka kwetu ziwani. Hujambo huko Nairobi? Goti lako je, bado linakusumbua kwenye ngazi? Sisi wazima. Mvua imekata tena barabara ya Luvungi, na mama alikohoa wiki mbili ila amesharudi sokoni. Nimekusalimu kwa kuwa nakupenda. Sasa niache nikasirike.

Barua hii nampa jirani yetu Consolate, anayekuja huko. Simu sitaki. Ujumbe wako wa sauti baba ameuchezesha mara tatu mbele ya wageni: "Akaliza, mwanangu, achana na hiyo maneno. Ilishapita." Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Najua alikueleza nusu. Mwalimu wetu Étienne alitusomesha kitabu cha zamani cha mwanamke wa Ulaya, aliyechukia kuona wasichana wakifundishwa kupendeza badala ya kufikiri. Kisha akataka kila mmoja aandike kilimgusa wapi katika maisha yake.

Mimi nikaandika juu yako. Kwamba ulikuwa wa kwanza darasani, ukatolewa shule na kuozwa ukiwa na miaka kumi na mitano, ili ng'ombe wa mahari yako wamsaidie baba kuoa. Ng'ombe wako ndio waliomleta mama yangu. Nimezaliwa kwa sababu wewe uliacha shule, na kitabu kile nilikisoma kwa haya.

Kosa langu ni kumpa baba aangalie kama nimeeleza ng'ombe vizuri. Akashika kalamu. Nilipoandika mweusi, akakata: wa kahawia, mwenye baka jeupe kwenye paji. Akaendelea hivyo kwa wote, anatabasamu, hadi yule aliyevunjika pembe mtoni. Umri wako aliupita bila kusimama. Miaka ishirini na saba, Shangazi, na anakumbuka mabaka!

Nikamwuliza ulikuwa darasa la ngapi. Hakujua. Ndipo akapandisha sauti: "Weye uko mutoto! Alipenda mwenyewe, hakuna muntu alimufunga kamba. Toa hiyo ukurasa." Kisha akakupigia.

Nawe ukamsaidia! Hilo ndilo lililonichoma. Hukusema ulipenda, wala hukusema hukupenda. Umesema ilishapita. Imepita kwa nani? Wageni waliosikia sauti yako hawakufuata chai, wanamtafutia mtoto wao mke. Kaka Cyusa anataka kuoa, na mdogo wetu wa kike, Tuyizere, ana miaka kumi na minne.

Kazi yangu ya shule inatakiwa Ijumaa ya wiki ijayo. Consolate anarudi Jumatano, siku mbili kabla. Mpe sentensi moja, kwa mkono wako, hata kwa penseli. Ukiandika kwamba ulipenda, ukurasa ule nitauchana mwenyewe na kumwomba baba msamaha. Kama hukupenda, usiniambie tena ninyamaze. Andika hivyo, na nitalisoma jibu lako kwa sauti mbele ya wageni wale wale.

Nisalimie Baba Ezéchiel, mume wako, na umbusu Josée wako mdogo. Mungu aliyekutunza ugenini azidi kukutunza, na akufungue kinywa.

Tuyizere anakusalimu sana. Ameniuliza kama ulilia siku ile ya kuozwa. Nimemwambia nitakuuliza.

Wako akupendaye hata kwa hasira,
Akaliza