Jina Langu na Baba Mkubwa

Alhamisi, Novemba 1968. Mvua imenyesha tangu adhuhuri, na mtaa wetu wa Nyakabiga wote ni tope. Mimi niko sawa. Niko zaidi ya sawa.

Nianze na jana jioni. Kwenye darasa letu la Kiingereza pale parokiani, mwalimu, Mkongomani wa Uvira aliyesoma Uganda, alitutaka kila mmoja aandike jina lake la Kirundi ubaoni, atoe tafsiri yake kwa Kiingereza, kisha aonyeshe kila neno ni la aina gani: nomino, kitenzi, kiwakilishi na kadhalika. Kwetu jina la mtu huwa ni sentensi nzima, kwa hiyo kazi ilikuwepo. Ndikumana aliandika "I am with God", yuko na Mungu, akapigiwa makofi. Karibu wote walikuwa na Mungu katika majina yao, na Mungu ni nomino, mambo yakaenda vizuri.

Ikafika zamu yangu. Nzikobanyanka. "I know they hate me." Najua wananichukia.

Nikapiga mistari chini ya maneno: kiwakilishi, kitenzi, kiwakilishi, kitenzi, kiwakilishi. Sikukosea hata moja. Kwa Kiingereza mimi si wa kubahatisha, hata bosi wangu kazini kule Rohero analijua hilo. Lakini mwalimu akaweka chaki kwenye "they".

"Hii inasimama pahali pa batu," akasema. "Batu gani, Konsolata?"

Nimelibeba jina hili tangu nizaliwe na sijawahi kuuliza. Niliogopa, huo ndio ukweli.

Leo asubuhi nikauliza. Baba alikuwa ananyoa ndevu. Bila kugeuka akaniambia ni kaka yake, baba mkubwa. Waligombania shamba la babu kule mlimani kabla sijazaliwa, na baba alipopata mtoto akampa jina la kumjibu kaka yake. Watu wa kwetu hufanya hivyo. Huwezi kumtukana ndugu yako, lakini nani atakukataza kumwita mwanao, tena kwa sauti, jirani akiwa anasikia?

Nikaona giza. Jumamosi ndugu wa Melkiori, mchumba wangu, wanakuja kuniposa, na kwa desturi baba hasemi mbele ya wageni. Anayemsemea ni kaka yake. Baba mkubwa akikataa, wageni watarudi na pombe yao na hakuna ndoa. Na leo jioni ndipo alipokuwa anakuja kutoa jibu.

Baba akaniomba: Jumamosi niwe Konsolata tu, hilo la Kirundi tuliache ndani.

Nikakataa. Kwa heshima, lakini nikakataa. Nimesoma na jina hili, wamelicheka na nikawa wa kwanza darasani nalo, na Melkiori ananipenda nalo. Sitaingia kwenye ndoa nikiwa nusu mtu.

Baba mkubwa alifika na viatu vyake mkononi, suruali imekunjwa hadi magotini. Nikamwekea chungu cha pombe ya ndizi na mrija wake. Nikapiga magoti, na kabla baba hajaanza kuzungukazunguka na habari za mvua, nikasema mwenyewe.

"Baba mukubwa, jina langu lilikuwa la kukuumiza. Mi sikulichagua. Lakini ni langu, na Jumamosi nataka litajwe. Utanisemea?"

Baba akakimbilia jikoni, eti anaangalia maharage. Mwanaume mzima!

Baba mkubwa akanywa kwanza. "Baba yako alikuwa anakuita asubuhi na jioni, hata ukiwa mbele ya macho yake," akasema. "Basi na mi nikatafuta mbwa."

Mbwa huyo alimpa jina la kumjibu baba, lenye maana ya "umejichukia mwenyewe", akawa anamwita kwa sauti toka uani kwake kila tulipokaa kula. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka.

"Mbwa alikufa zamani," akasema. "We ulibaki. Na mi sijakuita hata siku moja."

Kweli. Kwake nilikuwa "we mutoto" tu, siku zote.

Akasimama, akaweka shati sawa kana kwamba wageni wamekwisha kukaa mbele yake, akakohoa, akaniita. Nzikobanyanka! Jina lote, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Baba akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi, akidhani ugomvi umeanza upya.

"Apana kukimbia," kaka yake akamwambia. "Ninajaribu sauti ya Jumamosi."

Baba akaweka mwiko chini, akatafuta mrija wa pili, akautia kwenye chungu kilekile. Walikunywa vichwa vikigusana, na mimi nikalia waziwazi, sikujificha.

Tangu nizaliwe sijawahi kuwaona wakinywa pamoja.

Jumamosi waje tu.