Gurudumu Ulilolifunga Wewe

Mpendwa Baba,

Hapa mtaani Buyenzi bado wanakukumbuka kama fundi wa magari. Wachache wanajua kwamba kwa miaka minne ulitunza ndege ndogo ya yule mfanyabiashara wa mtaa wa Kinindo, ukaipenda kuliko gari lolote lililowahi kuingia garaji yako.

Ulipomaliza kuitengeneza magurudumu, ulinipandisha siku ya kuijaribu. Tulikuwa watatu: wewe, mimi na rubani. Ulinionyesha bandari ya ziwani kutoka juu, meli za mizigo zimekuwa ndogo kama ndara. Ulisema marehemu Mama asingekubali kupanda kamwe, ukacheka peke yako.

Tulipogeuka kurudi, magurudumu mawili ya nyuma yalishuka. La mbele likagoma. Ulipiga magoti ukasukuma pampu ya mkono mpaka shati likalowa, wapi.

"Muzee, acha," rubani alisema. "Mukae nyuma kabisa, ili pua ikawie kugusa chini."

Tulizunguka juu ya ziwa karibu saa nzima ili mafuta yapungue. Ulinikaza mkanda, ukaniambia polepole, "Mi ndiye nilifunga lile gurudumu. Kama kuna kosa, ni yangu. Unisamehe, mama," jina ulilozoea kuniita mimi binti yako.

Nilikushika mkono.

Tulitua. Pua ilibaki juu kitambo, kisha ikaanguka, chuma kikakwaruza lami hadi tukasimama. Tulitoka wazima. Ulikaa kwenye nyasi, ukamshukuru Mungu.

Rubani alikuvuta kando, lakini nilimsikia. "Tuseme kipuri kilikuwa kizee. Nani atajua?"

"Apana," ulisema. "Mi nitajua."

Ukaenda kumweleza mwenye ndege kwamba kuna bolti hukuikaza sawasawa. Kazi iliishia palepale. Habari ilifika mtaani kabla yetu, na wateja wakaanza kupeleka magari yao kwa mafundi wengine.

Hapo ndipo nilipokukosea. Nilikuambia, "Umetuvunjia nyumba kwa mdomo wako." Tulikula sahani moja miezi mingi bila mazungumzo. Ulipougua nilikuuguza, nikakuogesha, nikakukatia kucha, lakini neno lile sikuliondoa. Kila siku nilisema nitaliondoa kesho, mpaka tukakuzika.

Sasa sikiliza, maana sina mwingine wa kumwambia. Leo asubuhi, pale duka la dawa ninapofanya kazi, nilimpa mama mmoja dawa za mtu mwingine. Hakuna aliyeona. Niligundua akiwa ameshaondoka. Nilimkimbilia, nikamkuta karibu na msikiti, hajameza hata kidonge kimoja. Nikambadilishia. Mambo yangeweza kuishia hapo, lakini nilienda mwenyewe kumweleza mkubwa wangu wa kazi. Amesema nikae nyumbani mpaka atakaponiita. Hakusema ni lini.

Nilirudi kwa miguu. Jirani alinisalimia, nikaitikia, nikapita. Nimevua viatu, nimekaa kwenye kiti chako, na tangu adhuhuri sijasikia sauti ya mtu humu ndani.

Siku ile, Baba, wewe ulirudi na ukweli wako ukanikuta mimi, nikakugombeza. Mimi leo nimerudi na wangu, sikumkuta hata wa kunigombeza. Ulikuwa sahihi. Nilipaswa kukuambia hivyo ulipokuwa unaweza kunisikia.

Pumzika, Baba. Kesho nitashinda nyumbani.

Mwanao wa pekee